Sumu ya mahindi haibishi hodi

MAMA mmoja aliyeletewa gunia la mahindi kutoka kwao Makueni aliniuliza, "Daktari, nikiyaosha na kuyachemsha sana, si sumu itakwisha?" Nilimjibu, "La, mama, haitakwisha." Jibu hilo linahitaji kuelezwa, kwani wengi wetu hapa mjini hula mahindi ya nyumbani.

Wasomaji watakumbuka mkasa wa 2004. Kufikia Julai mwaka huo, watu 317 walikuwa wameugua na 125 kufariki, wengi wao kutoka wilaya za Makueni na Kitui. Hata kabla ya hapo, mwaka wa 1981, wagonjwa 20 walilazwa hospitalini huko Ukambani na 12 wakafariki. Kilichowaua ni aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi yaliyowekwa na unyevu.

Inaingiaje mwilini? Mwili umejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo seli. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta wenye tabaka mbili. Utando huu ni kama ua wa boma. Chumvi na sukari haziyeyuki katika mafuta, kwa hivyo ni lazima zipitie milangoni. Milango hiyo ni protini, na kila mlango una wageni wake. Kwa njia hii seli huchagua cha kuingiza na cha kutoa.

Lakini vitu vidogo kama oksijeni na pombe, pamoja na vile vinavyoyeyuka katika mafuta, havihitaji mlango. Hupenya utando wenyewe, vikitoka palipo na wingi kwenda palipo na uchache. Ndiyo sababu pombe humpanda mtu kichwani upesi. Aflatoksini imo katika kundi hili. Ikifika matumboni hupenya bila kubisha hodi na kuingia katika damu, na damu ya matumbo hupitia kwanza kwenye ini.

Ini hujaribu kuigeuza ili itoke mwilini. Bahati mbaya, katika kugeuzwa huko sehemu yake huwa kali zaidi, ikanata kwenye protini na chembe za urithi. Ikiwa nyingi, seli za ini hufa. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, inaweza kuleta saratani ya ini. Mwenye homa ya ini aina ya B yumo hatarini zaidi. Sehemu ya sumu hiyo hupita pia hadi kwenye maziwa ya mama na ya ng'ombe.

Dalili ni kutapika, maumivu ya tumbo, macho kuwa manjano, mkojo mweusi, na tumbo au miguu kuvimba. Ukiziona, nenda hospitalini mara moja. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii. Daktari husaidia mwili tu.

Moto wa jikoni hautoshi kuivunja. Kukoboa mahindi kuwa muthokoi huipunguza, kwani sehemu kubwa imo kwenye maganda, lakini hakuimalizi. Kinga ni kukausha. Waambieni walio nyumbani waanike juu ya turubai, si ardhini, hadi unyevu usizidi asilimia 13. Wasirundike mahindi mabichi ndani ya nyumba; uchunguzi wa 2004 ulionyesha hatari ya jambo hilo.

Kupima ni rahisi. Tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, utikise, kisha uiache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi hayajakauka. Lakini kumbuka, kukausha hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia. Mahindi yaliyoota ukungu yasiliwe, wala yasipewe kuku au ng'ombe.

Yule mama alifungua gunia lake, akakuta uvundo. Aliyatupa, ingawa roho ilimuuma. Gunia hununuliwa tena, ini halinunuliwi.