Kisima karibu na choo: Kuchemsha maji pekee hakutoshi

Nyumba zetu nyingi zina kisima uani, na choo cha shimo hakiko mbali. Tukiulizwa, tunajibu kuwa maji tunachemsha. Ni kweli, kuchemsha kunaua vijidudu. Lakini kipo kitu ambacho moto haukiondoi, nacho ni nitrati.

Nitrati inatoka wapi? Mkojo una urea, kemikali yenye naitrojeni, ile ile inayouzwa madukani kama mbolea. Bakteria huivunja urea ikawa amonia, ambayo ndiyo harufu kali inayochoma pua chooni. Amonia ikiingia ardhini, bakteria wengine huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Hii huyeyuka kwa urahisi na kusafiri na maji hadi kisimani. Kipimo tulichozoea katika tohara, yaani rangi, ladha na harufu, hakiwezi kuigundua. Ukichemsha, maji hupungua kwa mvuke lakini nitrati hubaki, hivyo huzidi kukolea.

Anayedhurika zaidi ni mtoto wa chini ya miezi 6 anayepewa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo. Tumboni mwake nitrati hugeuka tena kuwa nitriti, ambayo huingia katika damu na kuizuia isibebe oksijeni. Midomo na kucha huwa na rangi ya bluu. Daktari Hunter Comly wa Marekani alieleza ugonjwa huu mwaka 1945 kwa watoto waliotumia maji ya visima. Shirika la Afya Duniani linataka nitrati isizidi miligramu 50 kwa lita.

Tufanye nini?

1. Mama anyonyeshe. Allah (S.W.) ametaja miaka miwili kamili katika Surat al-Baqara, aya ya 233.

2. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na kiwe upande wa chini wa mteremko.

3. Kama kisima kiko karibu na choo, maziwa ya mtoto yachanganywe kwa maji ya chanzo kingine salama, nayo yachemshwe.

4. Ukiona midomo ya mtoto imebadilika rangi, mkimbize hospitali na umweleze daktari maji mnayotumia.

Mtume (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Anayechimba choo ubavuni mwa kisima ameufikisha mkojo majini vile vile, ila kwa njia ndefu zaidi.