Mwanafunzi Ambaye Bado Hajachagua Fani

Wazazi wengi wa kwetu, wapatapo habari kwamba kijana wao aliyekwenda kusoma Marekani amemaliza mwaka mzima chuoni na bado hajataja fani atakayohitimu, hushikwa na wahaka, nao wana udhuru, kwa maana mwanafunzi wa Tanzania huingia kidato cha tano akiwa tayari na tahasusi yake, na aliyechukua fizikia, kemia na hisabati ni nadra kukutana tena na fasihi darasani. Vyuo vidogo vya Marekani vya elimu ya jumla, ambavyo takriban wanafunzi wake wote ni wa shahada ya kwanza, vimesimama juu ya rai iliyo kinyume cha hiyo: kwamba mtu wa miaka kumi na minane hajaona elimu za kutosha hata aweze kuchagua moja kwa busara.

Tutazame Reed, chuo kilichoasisiwa mwaka 1908 huko Portland, jimbo la Oregon. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, awe ana azma ya kuwa mkemia au mtunzi wa mashairi, ni faradhi kwake asome somo moja lichanganyalo fasihi, falsafa na historia, ambalo kwa miaka mingi lilihusu Ugiriki na Rumi za kale. Nao huketi wachache na mwalimu wao wakikijadili kitabu walichokisoma, wala hapana pa kujificha kwa asiyekisoma. Alama za mwanafunzi huandikwa na kuhifadhiwa, lakini madhali kazi yake inaridhisha, haletewi mpaka aziulize mwenyewe, ili ayazingatie maneno ya mwalimu juu ya insha yake kuliko tarakimu. Lakini mimi linalonipendeza kupita yote ni kinu kidogo cha nyuklia cha utafiti, kilichopo chuoni hapo tangu 1968, ambacho waendeshaji wake hasa ni wanafunzi, waliofunzwa, wakatahiniwa na kupewa leseni na serikali kuu ya Marekani, na miongoni mwao huwamo wanaosomea fasihi na falsafa.

Hiari hiyo ya kuchelewa kuchagua fani, walakini, ina mwisho wake. Katika mwaka wa tatu mwanafunzi hutahiniwa katika fani aliyokwisha kuichagua, na asipofuzu haanzi tasnifu. Na mwaka wa nne mzima huandika tasnifu hiyo, kisha akaitetea kwa mdomo mbele ya jopo la waalimu, wala hapana asamehewaye. Aliyerandaranda miaka miwili bila ya kushika lolote hufichuka hapo.

Na faida ya kusoma nje ya fani tunaiona kwa Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya. Alikwenda Marekani mwaka 1960 katika zile safari za wanafunzi wa Kenya zilizofanikishwa kwa juhudi za mwanasiasa Tom Mboya, akasoma Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha masista wa Kibenedikti mjini Atchison, Kansas, akahitimu 1964 katika biolojia, na Kijerumani akakisoma pembeni. Kwa hesabu za tahasusi, Kijerumani kwa mwanabiolojia aliyezaliwa Nyeri kilikuwa anasa tupu. Ilhali miaka michache baadaye alikuwa Ujerumani akifanya utafiti wa shahada yake ya uzamivu.

Basi mzazi mwenye kijana katika chuo cha namna hiyo na asimsumbue mwaka wa kwanza kwa kumwuliza anasomea nini. Amwulize mwaka wa tatu, na hapo asikubali jibu la kusitasita.