Kwenda Kuhesabiwa

Ikishaingia Desemba tu, utani unaanza. Kazini, kwenye daladala, dukani: "Mangi, mwaka huu unapanda lini kuhesabiwa?" Wenzetu wa makabila mengine wameshikilia kwamba huko Kilimanjaro kuna daftari, na Mchaga asiyeonekana nyumbani Krismasi jina lake linapigwa mstari. Nimeyasikia hayo tangu nilipokuja Dar es Salaam kusoma, nami nimekuwa nikiyajibu kwa kicheko, kama ninavyojibu yale ya Mchaga na shilingi iliyodondoka. Miaka michache iliyopita, mwaka ambao sikuwa na hamu ya kupanda wala ya kucheka, ndipo nilipoutazama utani huu sawasawa nikaona una ukweli kuliko watani wanavyodhani.

Kwanza safari yenyewe. Kuanzia tarehe 20 hivi stendi ya Mbezi Luis hailali. Mabasi yanaongezwa, watu wa LATRA wanazunguka kukagua nauli, na bado hakosekani abiria aliyeuziwa siti yenye mwenyewe. Treni ya abiria ya Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya kukosekana miaka mingi, na wapo wasiotaka tena kusikia habari za basi. Sisi wa basi tunahesabu Chalinze, Segera, Mombo, Same, Mwanga. Tukishaipita Mwanga watu wanabadilika: simu zilizokuwa zikiongewa kwa Kiswahili zinageuka Kichaga, na bosi aliyelala tangu Korogwe anaanza kuuliza nani ana chenji ya kununua ndizi. Himo tunashuka wa Vunjo, tunatafuta gari la Marangu, la Kilema, la Mwika. Ukipanda kidogo tu baridi inakushika masikio, na harufu ya moshi wa kuni na migomba iliyolowa inakupokea kabla ya mtu yeyote.

Watani wetu hawajui kwamba Luka amewatangulia. Ile sura ya pili ya Injili yake, inayosomwa kila Krismasi, haianzi na malaika. Inaanza na serikali. Kaisari Augusto anataka watu waandikwe, kila mmoja mjini kwao, na fundi seremala wa Nazareti anapanda kwenda Bethlehemu na mchumba mjamzito. Wanafika, nyumba imejaa. Mchaga hahitaji kufafanuliwa hapo. Nyumba yetu ya vyumba vitatu hulaza watu 19 siku hizo, vijana kwenye stoo ya kahawa, na ng'ombe anasikika upande wa pili wa ukuta akicheua. Mtoto yule, kwa maneno mengine, alizaliwa wazazi wake walipokwenda kuhesabiwa. Sijamsikia mchungaji akilisema hivyo mimbarani. Labda anaogopa kanisa zima litaangua kicheko.

Kwetu anayehesabu ni mama mwenye nyumba, na daftari lake ni pombe na nyama. Mbege huanza siku kadhaa kabla. Ndizi zilizoiva hupikwa mpaka zikawa nyekundu, zikaachwa zichache. Ulezi nao huoteshwa, hukaushwa, husagwa, ukapikwa ule uji tunaouita mso, na magome ya msesewe ndiyo yanayotia uchungu. Mpikaji lazima ajue watakuja wangapi, maana mbege haingoji mtu: leo ni tamu, kesho imekomaa, keshokutwa ni ugomvi. (Wapo wachungaji wasiotaka kuisikia, na wapo Walutheri wanaoinywa wakiwa wameupa mgongo mnara wa kanisa. Hayo tuyaache.) Mbuzi naye hugawanywa kwa hesabu. Kila kiungo kina mwenyewe: wazee wana kidari chao, shangazi ana fungu lake ambalo hata akiwa Mwanza litatajwa, watoto wanagombea maini. Ndiyo maana hesabu ya Krismasi inaweza kuuma. Ukigawa nyama kwa majina, jina lisilo na mtu linakubakia mkononi pamoja na kisu.

Baba yetu alifariki Oktoba ya mwaka ule. Tulimzika kihambani, kama ilivyo desturi, hatua chache nyuma ya nyumba, kati ya migomba na mibuni iliyopandwa na babu. Matibabu yalikuwa yamekula akiba, yake na yetu. Kahawa haikuweza kutuinua. Babu alikuwa mtu wa KNCU, chama cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933, na alisomesha watoto kwa magunia. Sisi tumerithi mibuni mizee kwenye kihamba kilichogawanywa mara tatu. Basi Novemba tukapigiana simu, mimi na wadogo zangu, tukakubaliana: mwaka huu hatupandi. Tutatuma nauli, mama aje Dar apumzike, Krismasi ipite kimyakimya. Mimi ndiye niliyempigia kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na baba yenu akae na nani?"

Mgeni angedhani mama hajakikubali kifo. Alikuwa amekikubali, yeye ndiye aliyemfumba mumewe macho. Ila Uchagani huwezi kusema fulani hayupo ukimaanisha yuko mbali. Desemba familia husafisha makaburi kabla ya kupaka nyumba chokaa, na ukipita njia za vijijini asubuhi utaona watu wamechuchumaa, beseni la maji kando, wakisugua vigae na kusimuliana habari za marehemu kana kwamba yumo chumba cha pili. Tulipanda, wote wanne.

Usharika wetu una matarumbeta, desturi iliyokuja na Walutheri wa Ujerumani. Alfajiri ya tarehe 25 yalilia kabla ya jogoo. Nilibaki kitandani nikiwaza jinsi dini hii ilivyowahi kuachwa yatima mlimani humu. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920, Waingereza wakawaondoa. Walimu wa Kichaga walibaki na makanisa, madarasa na maiti za kuzika, wakaendelea kugonga kengele. Miaka hiyo Krismasi haikungoja mambo yatengemae, nayo haijazoea kungoja tangu hapo.

Mahubiri yalihusu jina Imanueli, kwamba Mungu yuko nasi. Yalikuwa mazuri, na sikumbuki hata sentensi moja. Ninachokumbuka ni mnada. Kwa wasiozijua sharika za KKKT: si kila mtu ana fedha ya sadaka, kwa hiyo watu huleta walicho nacho, mkungu wa ndizi, mayai, chupa ya maziwa, na baada ya ibada mzee wa kanisa anavinadi pale uani. Mama alileta jogoo wa baba. Nilitaka kumzuia, kwa kuwa nyumbani hatukuwa na mbuzi mwaka huo na jogoo huyo ndiye niliyekuwa nimempigia hesabu. Bei ikaanzia elfu kumi. Kijana mmoja fundi pikipiki akafika elfu thelathini na tano, akapewa. Akavuka uwanja akiwa amemshika jogoo kwa mabawa, akamrudishia mama mikononi. Jambo hilo linaruhusiwa, hata linatazamiwa. Mama akamshukuru, akageuka, akamkabidhi tena mzee wa kanisa. Jogoo yule aliuzwa mara tatu. Mara ya tatu watu walikuwa wanacheka mpaka wanajifuta machozi, na mama, ambaye tangu Oktoba sikuwa nimemwona meno, alikuwa anacheka nao, kitenge cha msiba mabegani.

Kiswahili kinalo neno moja kwa mambo mawili: kushinda. Unamshinda adui, na unashinda mahali, kutwa nzima, hufanyi kitu cha maana, umekaa tu na watu. Nilikuwa nimekwenda kanisani nikitafuta ile maana ya kwanza, Mungu atakayeyashinda yaliyotupata. Mchana ule nilipewa ya pili. Mama alikuwa amepika mbege kidogo, kwa hesabu yake kwamba nyumba ya msiba haina wageni wengi. Hesabu ilimkosa vibaya. Saa tisa mbege ilikwisha. Wanawake wa jirani wakatoka bila kusema neno, wakarudi na masufuria yao: mtori, kiburu, ngande, na paja la mbuzi kutoka nyumba ya Wakatoliki wa ng'ambo ya mfereji. Hakuna aliyetoa hotuba ya faraja. Walikaa. Waliongea habari za bei ya maharage na mtoto wa nani kapata kipaimara. Mmoja alilala usingizi kwenye kiti cha baba, tukamwacha. Wazee wetu walimwita Mungu Ruwa, wakamjua yuko juu, kabla mmisionari yeyote hajaupanda mlima. Nadhani habari iliyowashangaza ni hii ya Krismasi: kwamba ameshuka, na ameshuka kuja kushinda.

Saa kumi na moja jioni baba mdogo aliingia uani kwetu. Hakuwa amekanyaga hapo miaka sita. Siku ya mazishi alikuja, maana hakuna anayesusa mazishi, lakini alisimama barabarani pamoja na watu wa mbali. Ugomvi wake na baba ulikuwa wa mpaka. Vihamba vyetu vinatenganishwa na mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo Mchaga huipanda mpakani, na baba alikufa akisema mstari umesogezwa hatua mbili. Sitaki kusema nani alikuwa na haki. Nina maoni yangu.

Mkononi alikuwa na jani moja la isale, amelifunga fundo. Uani pakanyamaza. Kwetu isale ndilo linaloomba msamaha pale ambapo mdomo umeshindwa, na kulikataa ni jambo zito, hata mkosaji akiwa amekosa kweli. Aliingia moja kwa moja mpaka alipokaa mama, akainama.

"Shemeji," akasema, na hakuongeza.

Mama aliliangalia lile jani kwa muda mrefu. Nami nilimwangalia yeye, na nakiri kwamba sehemu fulani ya moyo wangu ilitaka alikatae.

"Umelikata wapi?" akauliza.

"Pale pale mpakani."

Mama akalipokea, akalichomeka kwenye mkunjo wa kitenge, akaniambia nilete ile sahani iliyofunikwa kabatini. Nilijua ni ipi. Mchana, paja lile la mbuzi lilipogawanywa, alikuwa ametenga fungu la baba kama miaka yote, na hakuna aliyethubutu kumuuliza atampa nani. Nikamletea baba mdogo. Alikula taratibu, nyama yote, mpaka akaanza kuutafuna mfupa, huku machozi yakimdondokea kwenye sahani na watu wakiendelea kuongea habari za maharage ili asionekane.

Alfajiri ya tarehe 26 niliamshwa na sauti ya panga nyuma ya nyumba. Nikatoka na blanketi mabegani. Baba mdogo alikuwa anamkatia ng'ombe majani ya migomba, karibu kabisa na kaburi, na mama amesimama kando yake kwenye ukungu, anamwonyesha kwa kidole mgomba ambao usiguswe.