Kwa nini 27 na 36 ikawa 513

Wengi wetu tunaishi na familia za nyumbani, na si unajua tena, mtu akishasikia uko chuo kikuu basi umeshakuwa mwalimu wa hesabu wa watoto wake, hata kama unasoma sheria. Mimi nasoma mambo ya misitu. Lakini mtoto wa dada mmoja niliyepanga kwake hapa Uingereza, mvulana wa miaka saba, alinifumbua macho, na nimeona niwaletee maana siku si nyingi na wewe utaitwa jikoni: "Hebu njoo umsaidie mdogo wako."

Jioni ile nilikuta vita. Baba kakasirika, mtoto analia, karatasi ya homuweki imekunjwakunjwa. Swali lilikuwa 27 + 36, na mtoto kaandika 513. Baba anasema shule za huku hazifundishi kitu, yeye alipokuwa darasa la pili Morogoro hesabu kama hizo alikuwa anazimaliza kabla mwalimu hajageuka: "Andika tatu, chukua moja, basi!" Mtoto anasema mwalimu wake hafanyi hivyo. Kilichoniuma ni kwamba alishaanza kusema yeye hana akili ya hesabu, na wiki ile alikuwa hataki hata kufungua begi.

Sasa hebu tuiangalie hiyo 513, manake haikutoka hewani. 7 na 6 ni 13, kapata. 2 na 3 ni 5, kapata. Akaandika 5, akafuatisha 13. Kujumlisha anajua. Asichojua ni kwamba ile 2 pale si mbili, ni ishirini, na ile 3 ni thelathini. Hiyo ndiyo thamani ya nafasi: tarakimu ikikaa upande wa mamoja ina thamani yake, ikisogea kushoto kwenye makumi thamani inakuwa mara kumi. Na baba naye alikuwa anamwambia "chukua moja" bila kumwambia kuwa hiyo moja ni kumi. Simlaumu. Mimi nilifundishwa vilevile, nikafaulu mitihani yote, na miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza nachukua nini.

Nikaacha karatasi, nikamwaga mezani sarafu za 10p na za 1p. Nikamwambia apange 27: mbili za 10p, saba za 1p. Halafu 36: tatu za 10p, sita za 1p. Akazisogeza pamoja, zikawa tano za 10p na kumi na tatu za 1p. Sheria ya mchezo ni moja tu: ukifikisha 1p kumi huruhusiwi kukaa nazo, unazipeleka benki (benki ni mimi) unapewa 10p moja. Akahesabu kumi, akabadilisha, mezani zikabaki 10p sita na 1p tatu. Akazitazama kidogo. "Anko, hii ndiyo ile moja ya baba?" Ndiyo hiyohiyo.

Ndipo tukarudi kwenye karatasi:

27 = 20 + 7
36 = 30 + 6
20 + 30 = 50
7 + 6 = 13
50 + 13 = 63

Mwalimu wake alikuwa anafundisha kwa kutenganisha namba hivyohivyo. Na baba asiwe na wasiwasi, njia yake haijatupwa: mtaala wa England ulioanza kutumika 2014 unataka mtoto wa mwaka wa tatu ajue kujumlisha kwa kupanga wima, hadi namba za tarakimu tatu. Kwanza anajua anachobeba, halafu anabeba. Nilimwongezea pia desturi ya kukisia kabla ya kuandika. 27 haijafika 30, 36 haijafika 40, kwa hiyo jibu haliwezi kufika 70. Ukiona 513 unajua kuna kitu kimeharibika.

Kuna jambo jingine, nalo linatuhusu sisi wenye lugha. Kwa Kiingereza jina la 13 na la 30 yanakaribiana mno, na majina ya 11 na 12 hayaonyeshi kumi kabisa. Kiswahili kinasema wazi: kumi na tatu. Ila tukifika ishirini na thelathini, maneno tuliyopata kwa Kiarabu, na sisi tunaficha. Mwenzetu mmoja wa Lubumbashi alicheka nilipomsimulia, maana kwao wanasema makumi mbili, kama Waganda wanavyosema amakumi abiri. Tangu hapo mtoto nikimtajia 27 namwambia "makumi mawili na saba". Kwa hiyo wale wanaowaambia wazazi waache Kiswahili ili mtoto asichanganyikiwe shuleni, mimi siwaelewi.

Ukurasa wa pili ulikuwa na grafu ya nguzo, wengine huita ya mihimili: watoto wanafikaje shuleni. Nguzo ya gari imefika 25, ya basi 15. Wanaokuja kwa gari wamezidi wa basi kwa wangapi? Kaandika 2. Jamani, kosa ni lilelile! Kahesabu miraba, na mraba mmoja pale ulikuwa watoto watano. Nikamwambia kabla ya kutazama nguzo, atazame namba za pembeni, aulize mraba mmoja ni wangapi. Miraba miwili ya watano watano, kumi.

Grafu hizi, kwa taarifa yenu, zina asili ya hukuhuku. William Playfair, Mskoti, alitoa moja mwaka 1786 kuonyesha biashara ya Scotland na nchi nyingine. Hakuwa na takwimu za miaka mingi za kuchora mstari unaopanda na kushuka, akachora nguzo kwa kila nchi.

Yetu tuliichora Jumamosi, ya chapati. Baba sita, mama tatu, mtoto nne, mimi saba. Tukakubaliana mraba mmoja ni chapati mbili, kwa makusudi, ili nguzo ya mama iishie katikati ya mraba. Akakwama hapo dakika nzima, kisha akasema nusu ya mraba ni chapati moja. Jumla ishirini, akaipata bila sarafu.

Siku hizi benki ni baba. Bado anasema "chukua moja", ila mtoto humkatisha: "Moja gani?"