Kumtambua Samaki Mmoja Mmoja Katika Utafiti wa Tiba

Samaki pundamilia, mwenye urefu wa takriban sentimita 4, hutumiwa sana katika utafiti wa tiba, kwa kuwa takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zina jeni zinazolingana nazo kwa samaki huyo. Hata hivyo, samaki wa tangi moja hufanana mno. Mtafiti asipoweza kumtofautisha mmoja na mwingine, hawezi kujua nani amepona na nani amedhoofika.

Njia ya kwanza ni kukata ncha ya pezi la mkia. Kipande hicho hutoa vinasaba vya kupimwa, lakini pezi huota tena baada ya wiki mbili hivi na alama hutoweka. Ya pili ni kudunga silikoni ya rangi chini ya ngozi. Huganda na kung'aa katika mwanga wa urujuanimno. Zote mbili huhitaji dawa ya usingizi. Ya tatu, programu ya kompyuta humfuatilia kila samaki kwa video bila kumgusa.

Jeraha na kushikwa huongeza homoni ya kotisoli kwa samaki, kama msongo unavyofanya kwa binadamu. Kwa hiyo, samaki wasiopewa dawa nao hutiwa alama ileile. Vinginevyo, athari ya alama itadhaniwa kuwa athari ya dawa.