Kitabu Kimo Ndani ya Simu

Hapa Tunduma tulimpokea binti wa kidato cha pili, kichwa kikimwuma na macho yakimtoka machozi. Mama alikwisha mnyang'anya simu. Kumbe binti alikuwa akisoma Biolojia, usiku na gizani, katika maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Humo vitabu vya shule husomwa bure, ukiacha gharama ya bando!

Tulimsihi mama airudishe. Wazazi, washeni taa. Simu isisogezwe usoni. Kila baada ya dakika 20 mtoto atazame mbali kwa sekunde 20, na saa moja kabla ya kulala aiweke kando.

Tulipompima macho, hata ubao wa darasani alikuwa haoni vizuri. Sasa amepata miwani, na simu huishika mpaka saa mbili usiku.