Bunduki Si Mchezo wa Watoto

Mjini Las Vegas, Marekani, kumbi za kulenga shabaha ni kivutio cha watalii. Mgeni hulipa, huvaa miwani na vizibo vya masikio, kisha hukabidhiwa bunduki mbele ya mkufunzi.

Kulenga shabaha ni elimu, na Mtume wetu (S.A.W.) alihimiza upigaji wa mishale. Lakini elimu hiyo ina umri wake. Agosti 2014, katika uwanja wa wazi jimboni Arizona, binti mtalii wa miaka 9 alipewa Uzi, bunduki ifyatuayo mfululizo. Ilimshinda nguvu, mdomo wake ukapanda, risasi ikampata mkufunzi, naye akafariki.

Ndani ya ukumbi mna hatari nyingine isiyoonekana: vumbi la madini ya risasi. Huingia kwa pumzi, hushika mikononi na nguoni, na hudhuru ubongo wa mtoto na mimba iliyo tumboni.

Basi, ndugu wazazi, mkialikwa huko safarini, mjamzito na watoto wasiingie. Mtu mzima aingiaye na aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula, abadili nguo kabla ya kumpakata mwana. Mwenyezi Mungu azihifadhi familia zetu. Amin.